Chaneli ya Bondeni

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila nikimwona farasi. Nairobi hii farasi si wengi, kwa hiyo hainisumbui sana. Lakini nikipita mtaa wa Karen Jumapili na kumwona mtoto wa watu amepandishwa juu ya mnyama, anafundishwa kukaa wima, mimi hugeuza uso nikacheka peke yangu. Wajukuu wangu husema bibi ameanza. Sijaanza. Nakumbuka kosa langu tu. Na wewe leo keti nikusimulie, maana nasikia umepata kazi mpya na tayari unataka kuigeuza ofisi nzima kabla mwezi haujaisha.

Nilikuwa fundi wa redio katika kikosi cha zimamoto hapa mjini. Usikunje uso. Miaka ya themanini wasichana walioshika chuma cha kulehemu walikuwa wachache, na mimi nilikuja kutoka Machakos na cheti changu cha ufundi ndani ya bahasha ya kaki, na kichwa kimejaa kuliko hiyo bahasha. Nilipanga chumba kule Dagoretti. Asubuhi nilifika karakana kabla ya walinzi kubadilishana zamu, ili watu waone kwamba nimefika.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Singh, fundi mkuu. Kilemba chake kilikuwa cha buluu, ndevu nyeupe, na miwani aliyoifunga kwa uzi ili isimwangukie ndani ya mitambo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mchana alikula chapati na achari palepale kwenye meza ya kazi, akanikatia nusu bila kuniuliza kama nina njaa. Redio zote za magari ya moto za mji huu alizifunga yeye kwa mikono yake, nyingine kabla sijaanza shule. Nilimheshimu, lakini moyoni nilimwona amepitwa na wakati. Vijana huwa tunawaona wazee hivyo, na wewe hapo ulipo pengine unaniona hivyohivyo.

Sasa nikueleze zile redio, ili usije ukapotea. Kila gari la zimamoto lilikuwa na redio moja chini ya dashibodi, na redio ilikuwa na kitufe cha kuzungusha chenye nafasi tatu. Ndani yake kulikuwa na vipande vidogo vya kristali, viwili kwa kila chaneli, kimoja cha kusemea na kimoja cha kusikilizia. Ukitaka chaneli nyingine, huna budi kuchomoa hivyo na kuchomeka vingine. Chaneli ya kwanza ilikuwa ya kila siku. Dereva akisema, sauti yake ilikwenda hadi kwenye mtambo tulioufunga juu ya jengo moja refu la mjini, na mtambo ukaitawanya jiji zima. Chaneli ya pili ilikuwa ya kuzungumza na magari ya wagonjwa. Chaneli ya tatu ilikuwepo tu. Kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, mbele ya namba tatu, hapakuandikwa kitu.

Basi ikaja amri kutoka kwa wakubwa. Walitaka chaneli yao wenyewe ya mambo ya ofisi, isichanganyike na makelele ya moto. Kristali mpya zilifika kutoka ng'ambo ndani ya kijisanduku kizuri chenye pamba, na siku zilezile Mzee Singh akaenda likizo Kisumu kumwoza binti yake. Kabla hajaondoka alikifungua kile kijisanduku, akakitazama, akakifunga.

"Nduku, hii wacha nirudi," akaniambia. "Tutaweka pamoja."

Nikasema sawa, Fundi. Lakini rohoni nilichukia. Nilijiambia huyu mzee hataki nionekane. Wiki tatu za kumngoja, kwa kazi ya kuchomoa na kuchomeka?

Tena usidhani nilifanya mambo kiholela. Nilifanya uchunguzi, na ndiyo maana kosa lenyewe linanichekesha hadi leo. Nilichukua redio moja, nikaiweka kwenye meza ya karakana, nikaizungusha kwenye chaneli ya tatu, nikaisikiliza siku nne kutoka asubuhi hadi jioni. Sikusikia hata mtu akikohoa. Nikapanda hadi chumba cha mawasiliano kumuuliza Mama Halima, mama wa makamo aliyekaa mbele ya kipaza sauti akipokea simu na kuyatuma magari. Kama kuna neno limepita hewani, basi limepita masikioni mwake.

"Chaneli ya tatu?" akasema. "Mimi nimekaa hapa miaka minane, msichana wangu. Hiyo sijawahi kuisikia ikisema kitu."

Ushahidi gani tena nilitaka? Nikaandika kwenye kadi: chaneli ya tatu haina kazi. Wazimamoto wenyewe sikuwauliza. Niliona watu wa ngazi na mipira ya maji hawawezi kunifundisha habari za mawimbi. Nikaanza na Gari Nne. Nikachomoa kristali za zamani, nikazitia kwenye kopo la majani ya chai, nikachomeka mpya. Nikaita ofisi kuu, na mkubwa mwenyewe akanijibu, sauti yake nzuri, imenyooka. Akaniambia nimefanya kazi safi. Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, simu ikaja kutoka Karen. Ilikuwa Februari, nyasi zimekauka hadi zinavunjika ukizikanyaga. Mazizi ya farasi ya nyumba moja kubwa yalikuwa yanaungua, chini kabisa kwenye mteremko wa kuelekea mtoni. Likatoka Gari Nne, na nyuma yake Gari Saba lililobeba tangi la maji, maana Karen ile huwezi kutegemea bomba la barabarani. Kiongozi wa Gari Nne alikuwa Otieno, jamaa mrefu mwenye mzaha, nyusi nene zimekutana katikati.

Mimi nikapanda kwa Mama Halima. Sikuwa na kazi huko. Nilitaka kusikia jinsi redio yangu inavyotoa sauti.

Otieno akasikika vizuri kweli. "Kituo, hapa Nne. Tumefika Karen. Hii banda iko chini bondeni, barabara ni ya gari moja tu. Nne tunashuka. Saba abaki huku juu. Ova."

"Nimekupata, Nne," akasema Mama Halima.

Baada ya hapo kukawa kimya. Dakika moja ikapita, ya pili ikapita. Mama Halima akaita, "Nne, Nne, hapa kituo." Hakuna. Akaita tena. Ndipo dereva wa Saba akaingia hewani, na maneno yake nayakumbuka hadi leo.

"Kituo, hapa Saba. Hapo chini chaneli ya kwanza haifiki, hiyo tunajua. Mimi namngoja Nne kwa chaneli ya tatu. Lakini leo hasemi kitu. Ova."

Mama Halima akageuka polepole kwenye kiti chake, akanitazama. Palepale nilielewa kila kitu, jambo ambalo lingenifaa zaidi jana yake. Kule Karen ardhi inazama kabla ya kufika mtoni, na sauti ya mtu aliye chini haiwezi kuruka ule ukingo ifike kwenye mtambo wetu mjini. Lakini inaweza kumfikia mtu aliyesimama juu ya ukingo. Kwa hiyo wazimamoto walikuwa na desturi yao ya siku nyingi: gari moja linashuka, lingine linabaki juu, na yale mawili yanazungumza moja kwa moja, bila mtambo, kwa chaneli ya tatu. Aliye juu akishapata neno, ndiye anayelipeleka mjini kwa chaneli ya kwanza. Mazungumzo yao hayakuvuka ule ukingo. Mimi niliyakalia siku nne katikati ya mji, mahali ambapo hata wangeimba yasingenifikia.

Na Saba hangeweza kushuka kwa kubahatisha. Njia ni ya gari moja. Kama Nne naye angekuwa anapanda, wangekutana katikati, wakabanana huku moto uko chini yao. Alikuwa akingoja aambiwe kwamba Nne amesogea kando. Na Nne alikuwa na maji ya dakika chache tu ndani ya gari lake.

Nitakuambia ukweli wote, maana uongo hauna faida kwa umri huu. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa kunyamaza. Ningesema redio imeharibika yenyewe, redio huharibika. Usiku ningerudisha zile kristali na pasingekuwa na mtu wa kujua. Nilikuwa na miezi sita tu kazini, na nyumbani Machakos mama yangu alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba binti yake anafanya kazi ya serikali ya mji. Niliogopa. Lakini dereva wa Saba hangeacha desturi ya miaka kwa kuambiwa tu shuka. Alihitaji kujua kwa nini Nne yuko kimya, na aliyejua ni mmoja peke yake. Nikamwomba Mama Halima kipaza sauti, nikakibonyeza, nikijua vituo vyote vinasikia na wakubwa pia.

"Saba, hapa ni Nduku wa karakana. Usimngoje Nne. Hawezi kukusikia wala wewe huwezi kumsikia. Chaneli ya tatu kwa gari lake nimeitoa mimi. Shuka. Ova."

Dereva akauliza, kwa upole kabisa, "Umeitoa?"

"Nimeitoa. Tafadhali shuka."

"Saba anashuka."

Mama Halima akachukua kipaza sauti chake, akanivutia kiti kwa mguu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Keti, usije ukaniangukia hapa." Nikakaa, nikalia.

Mambo ya kule bondeni tuliyapata baadaye kwa Otieno. Aliita chaneli ya tatu hadi akachoka. Maji yakawa yanakwisha na moto unalamba paa la ghala la nyasi kavu, ukitaka kurukia nyumba. Akamwona Barasa, mtunza farasi wa pale, ameshika hatamu za farasi wa mwisho aliyetolewa zizini. Akamwambia, "Ndugu, hiyo kitu inakimbia?" Barasa akasema inakimbia. "Basi panda nayo mpaka juu, uambie hiyo gari kubwa ishuke, sisi tumetoka kwa njia." Barasa akapanda bila tandiko, akashika manyoya ya shingo, wakaondoka.

Wakakutana na Saba kwenye kona, katikati ya mteremko, gari tayari linashuka. Farasi kuona lile gari jekundu akasimama kwa miguu ya nyuma. Barasa akamng'ang'ania shingoni, lakini alikuwa mtu wa kazi yake, ametumwa na lazima afikishe.

"Nimetumwa niwaambie mshuke," akasema kutoka juu ya farasi.

"Tunashuka," dereva akamjibu.

"Basi shukeni," akasema Barasa, akamwingiza farasi kwenye majani, gari likapita.

Otieno alituapia kwamba tone la mwisho la maji lilitoka kwenye mpira wake wakati boneti ya Saba inachomoza. Paa la ghala lilianguka. Nyumba haikuguswa, na farasi wote walipona. Kijana wake mmoja alikunywa moshi akalazwa siku mbili, na hilo liliniuma, nalo linaniuma bado, ingawa nilimpelekea machungwa na akanicheka. Otieno mwenyewe alirudi kituoni bila nyusi. Alikuja hadi mlango wa karakana, akasimama nimtazame vizuri.

"Fundi Nduku," akasema, "next time nitumie farasi wawili. Huyo mmoja alichoka." Kisha akaacha mzaha. "Lakini ulisema. Tulisikia kila mtu akisema ulisema. Hiyo iko sawa."

Wakubwa walitaka kunifukuza siku ileile. Mwishowe wakaamua wamngoje Mzee Singh, kwa kuwa mimi ni mtu wake. Nilimngoja siku kumi na mbili. Siku hizo, mwanangu, sikumaliza hata sahani moja ya chakula.

Akarudi na boksi la mithai, vile vitamu vya Kihindi vya harusi. Akampa kila mtu, nami akanipa, kabla hajasoma kitabu cha matukio. Akakisoma akiwa amesimama. Akakifunga, akaosha mikono, akaenda nyumbani. Asubuhi akaniambia, "Nduku, weka chai kwa chupa. Leo tunaenda Karen."

Tukaenda na gari dogo la karakana. Akalisimamisha juu, palepale Saba alipokuwa amesimama. Akanipa redio ya mkononi na ile chupa ya chai.

"Shuka mpaka chini kwa mto. Kaa kwa jiwe. Niite chaneli ya kwanza."

Nikashuka. Harufu ya majivu ilikuwepo bado. Nikakaa juu ya jiwe, nikamwita chaneli ya kwanza, nikasikia mkwaruzo tu. Nikamwita mara ya pili na ya tatu. Nilikaa pale nikaelewa jinsi Otieno alivyojisikia, na mimi sikuwa hata na moto mgongoni. Mwisho nikazungusha kitufe hadi namba tatu. Sikupata hata nafasi ya kusema neno. Sauti ya mzee, aliyekuwa akiniita huko muda wote, ikaingia karibu kabisa, safi.

"Chai iko tamu?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia iko tamu, Fundi. Akasema, "Basi leta, na mimi nakunywa."

Tulikunywa tumeketi kwenye ngazi ya gari. Aliniuliza swali moja tu. "Ulisikiliza siku nne. Ulikaa wapi ukisikiliza?" Nikasema karakana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza hesabu. Baadaye, akifuta miwani, akasema, "Makosa ni nusu yako. Nusu ni yangu. Mimi najua, Otieno anajua, lakini kwa orodha sikuandika. Mtu mpya atajuaje?" Jioni ile alikwenda kuwaambia wakubwa hivyohivyo, na nikabaki kazini. Kesho yake tulipaka rangi juu ya kila redio: tatu, bondeni. Na wakubwa waliotaka chaneli ya ofisi waliambiwa watumie simu.

Miaka ikapita. Katika miaka ya tisini Mzee Singh alistaafu akaniachia meza yake na miwani yake ya akiba, nayo ina uzi. Zikaja redio mpya, chaneli chungu nzima, unazipanga kwa kompyuta. Na pamoja nazo wakaja vijana wawili wenye tai, wataalamu, wakanitandikia makaratasi mezani.

"Mama, hii chaneli namba tatu inatumika mara mbili tu kwa mwaka," mmoja akasema. "Tunapendekeza tuiondoe."

"Mmepimia wapi?" nikauliza.

"Hapa ofisini."

Sikubishana nao. Nilisimama, nikaweka maji ya chai jikoni, nikatafuta chupa. Yule mmoja alikuwa na viatu vya ngozi vyenye ncha, na ule mteremko wa mtoni haukumhurumia. Nilimngoja juu, nimeshika kipaza sauti, hadi nilipomsikia akiniita kwenye namba tatu. Unajua nilimuuliza nini.

Basi mwanangu, hili ndilo ninalotaka uingie nalo kazini. Ukikuta kitu kiko kimya, usiseme hakina kazi mpaka ukajiulize umekaa wapi unapokisikiliza. Nenda hadi kule kinakotumika, hata kama kuna vumbi, ukae kwa jiwe. Muulize anayeshika mpira wa maji, si anayekaa mbele ya kipaza sauti peke yake. Mzee akikuambia ngoja nirudi, muulize kwa nini kabla hajapanda gari; pengine ana neno ambalo hakuliandika. Wewe nawe ukishajua, andika. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema upesi, sema kwa jina lako, sema wakati maneno yako yangali yanaweza kumfaa mtu. Aibu yangu ilikwisha kabla nyusi za Otieno hazijaota. Kama ningenyamaza, ningekuwa naibeba hadi leo.

Sasa nenda, usichelewe siku ya kwanza. Mungu akupe mikono mizuri na wakubwa wenye subira. Akupe watu wa kukucheka bila kukuchukia. Na siku ukijikuta bondeni, umeita na umeita, akuwekee mtu pale juu ya ukingo, amewasha redio yake, anakungoja.